Gitaa Halina Jina

Fundi hakupenda muziki. Nikisema hivyo, watu wa rika langu waliokaa Isiolo wananicheka, kwa sababu miaka ile ya sabini hakukuwa na hoteli, duka wala lori lililopita kizuizi cha barabara bila kaseti iliyotoka chumbani mwake. Lakini mimi nilikuwa jirani yake, mabati yangu yameegemea mabati yake, na nasema ninachokijua. Hakuwahi kupiga mluzi. Ngoma ya harusi ikianza mtaani alifunga dirisha. Siku moja nilimuuliza kwa nini, akanijibu bila kuinua macho kutoka kwenye waya aliokuwa akiuchuna kwa meno, "Mama Halima, umewahi kuona muuza nyama akila nyama?" Nikamwambia muuza nyama wetu namwona kila siku, anakula hotelini kwangu mpaka anavunja mfupa. Fundi akasema huyo si muuza nyama, huyo ni fisi mwenye kibanda.

Alichokipenda ni sauti, na haikuwa lazima iwe nzuri. Alikuwa na mashine mbili za kaseti, moja kubwa ya kijivu na nyingine ndogo iliyovunjika mfuniko, na kazi yake yote ilikuwa kati ya hizo mbili. Mwimbaji alikuja na gitaa lake na koo lake moja. Fundi alirekodi gitaa kwanza. Kisha aliicheza kaseti hiyo mle chumbani, mwimbaji akaimba juu yake, na mashine ya pili ikameza vyote viwili pamoja. Halafu kaseti ya pili nayo ikachezwa, mwimbaji akajiitikia mwenyewe au akatikisa njuga, na mashine ya kwanza ikameza tena. Mtu aliingia peke yake asubuhi, na akitoka amekuwa kwaya. Kazi hiyo Fundi aliiita kupandisha. Ubaya wake ni kwamba kila ukipandisha, kilichorekodiwa mwanzo kinazama na mvumo wa kanda unazidi, mpaka lile gitaa la kwanza linasikika kama liko nyumba ya tatu. "Kaseti haisahau," alikuwa akisema, "inachoka tu."

Chumba chenyewe kilikuwa tanuri. Alikuwa amekivika magunia na mablanketi ukutani, na mlango aliuziba kwa godoro. Stima ya mjini aliikataa, alidai inanguruma ndani ya kanda, kwa hiyo alitumia betri ya lori iliyokaa chini ya meza kama mgeni asiyetaka kuondoka. Waimbaji walitoka humo wamelowa jasho, na wako waliokataa kurudi.

Siku yake ilikuwa Ijumaa. Yeye alikuwa Mkristo wa harusi na mazishi, kanisani hamumwoni siku nyingine, lakini saa za sala alizijua kuliko wengi wetu tunaosali. Adhana ya adhuhuri ikiisha, wanaume wakishaingia msikitini na maduka yakishafungwa, Isiolo ilinyamaza kwa muda mfupi. Hakuna lori, hakuna dalali wa ng'ombe anayebweka sokoni, hakuna redio. Hapo ndipo Fundi aliposema, "Haya, imba sasa." Mume wangu alimtania kwamba sisi tunapanda na yeye anavuna. Tatizo ni kwamba kuku hawasali. Ziko kaseti za miaka ile ambazo katikati ya wimbo wa mapenzi anasikika jogoo wangu, mzima kabisa, na watu walikuwa wakiagiza "ile ya jogoo." Fundi alikuja mara nyingi kuniomba nimchinje. Nilimwambia jogoo huyo alikuwa hapa kabla ya mashine zako, na akitaka kimya ahamie makaburini.

Mdomo alikuwa nao mchafu. Fundi alimwambia mwimbaji mmoja wa kanisa, "Mama, unaimba kama mtu anayefukuza mbuzi." Kijana wa Leparua aliyekuja na suruali mpya ya kupepea chini, Fundi alimwambia sauti yake ingefaa kuwaita ng'ombe majini, lakini si ng'ombe wake. Walinuna, wakaondoka, wakarudi, maana hapakuwa na mahali pengine kabla ya kufika Nanyuki au Meru. Na mtu huyohuyo mwenye mdomo wa pilipili alikaa siku nzima na mzee wa Ngaremara asiye na meno, aliyetaka tu kuimba wimbo wa ngamia wake waliokufa. Hakumkatiza. Hakupandisha kitu juu yake. Alimpa kaseti yake mkononi, akamsindikiza mpaka barabarani na kumsimamishia lori.

Mkewe alikuwa Msamburu wa upande wa Oldonyiro, mwanamke mrefu, mkimya, mwenye shanga shingoni kuanzia kidevuni mpaka mabegani. Nitamwita Mama Nasieku, ingawa Nasieku ni binti yao mdogo na hilo silo jina tulilomwita mwanzo. Mwanzo tulimwita kwa jina la mtoto wao wa kwanza, kama mimi ninavyoitwa kwa Halima. Na Fundi tulimwita baba wa mtoto huyohuyo. Hakuna aliyemwita Fundi wakati huo.

Kijana huyo wa kwanza alikuwa kinyume cha baba yake kwa kila kitu. Alicheka kabla hujamaliza mzaha. Alipiga gitaa kwenye ngazi ya hoteli yangu akinifukuzia wateja wazee na kuniletea vijana, na vijana wanakula zaidi, kwa hiyo sikulalamika. Yeye ndiye mwimbaji pekee ambaye Fundi hakuwahi kumtukana. Kaseti zake zilikuwa nyingi kuliko za wengine wote, na zote zilianza namna moja. Kabla ya gitaa kulia, kijana alivuta pumzi na kupaza sauti, "Hapa ni fulani, mwana wa Isiolo, mwisho wa lami!" Fulani ni mimi ninayeandika hivyo. Jina lenyewe sitaliandika, na sababu mtaiona. Kelele hiyo ilipendwa kuliko nyimbo zenyewe. Utingo wa malori waliipiga wakiondoka, na watoto wa shule waliipiga wakirukia foleni.

Alikufa kwenye barabara ya kaskazini, juu ya lori la mahindi, akienda kupiga gitaa kwenye harusi. Majambazi walilifyatulia lori risasi penye korongo. Wengine waliruka wakapona. Ni nani waliofanya hatukujua; miaka ile kila mtu alikuwa na jibu lake na hakuna aliyekuwa na ushahidi. Gitaa lilirudi bila mkwaruzo. Nakumbuka nililitazama na kulichukia, chombo cha mbao kilichojua kujificha kuliko mwenyewe.

Sasa niseme habari ya matanga, maana hapo ndipo wema wetu ulipofanya ubaya. Tulikwenda kuwapa pole, Waislamu wa mtaa mzima. Mume wangu, mtu mwema kuliko mimi, Mola amrehemu naye pia, alinyoosha mikono akaomba kwa sauti: Mola amrehemu fulani, amsamehe fulani, ampanulie fulani kaburi lake. Alilitaja jina mara nyingi, kwa sababu kwetu hiyo ndiyo heshima. Maiti asiyetajwa kwenye dua ni kama hana watu. Mama Nasieku alijivuta nyuma mpaka ukutani. Kisha akainuka, akatupita mbio, akaenda kujibanza nyuma ya choo chetu huku ameziba masikio. Mume wangu alidhani ni majonzi ya mama, kwa hiyo akaongeza dua, na jina likaongezeka.

Kesho yake Fundi alikuja hotelini kabla ya wateja. Alikaa, akaizungusha chai bila kuinywa.

"Mzee," alimwambia mume wangu, "umetuombea vizuri. Mungu akulipe. Lakini kwa mama ya watoto hii maneno iko na mwiko. Mtu yao akikufa, jina yake haitajwi tena nyumbani. Ukiitaja, unamwamsha. Jana umemwamsha kijana mara nyingi sana."

Mume wangu alishika kichwa. "Wallahi sikujua. Nimwombee vipi sasa?"

"Sema tu 'yule kijana.' Mungu anamjua."

Mimi sikuridhika. Nilisema palepale kwamba mtoto aliyezaliwa na kulishwa hawezi kugeuzwa kuwa "yule." Fundi alinitazama kwa macho mekundu na kwa mara ya kwanza hakunijibu vibaya. Alisema tu kwamba mimi sikai na mkewe. Tangu asubuhi hiyo mtaa ulijifunza upya. Mwanamke akawa Mama Nasieku, na tulipokosea tuliuma midomo. Mumewe tulijaribu kumwita Baba Nasieku akakataa. Alisema jina moja amelizika, la pili hataki kulivaa, tumwite kazi yake.

Lakini watu wanaweza kufundishwa; kaseti je? Mama Nasieku alipotoka kwenda sokoni, hoteli ya kwanza mtoto wake alipaza sauti akajitaja jina. Ya pili, vilevile. Lori likapita na lenyewe likamtaja. Alianza kupita njia ya nyuma, kando ya mto. Halafu akaacha kutoka. Halafu akaacha kula. Nilimpelekea uji nikamkuta amelala ameutazama ukuta, shingo imekonda, na shanga alizozivua siku ya msiba bado ziko msumarini. Aliniambia kwa Kiswahili chake kidogo, "Hawaachi yeye alale, Mama Halima. Kila siku wanaita. Mimi nalala aje?" Mwezi ule nilijua kabisa kwamba tutamzika na yeye.

Fundi alianza na kaseti ya kwanza kabisa, ile mama ya nyingine zote. Aliifanya mbele ya mkewe, mchana, mlango wazi. Kaseti iliyokamilika huwa imevunjwa vijino viwili mgongoni ili mtu asiirekodie kitu kingine kwa bahati mbaya. Alivibandika selotepu, akachomoa kipaza sauti ili mashine isimeze chochote, akaizungusha kanda kwa kalamu ya biro, kidogo mbele, kidogo nyuma, akisikiliza. Kisha akabonyeza kitufe chekundu kwa muda wa kutamka jina, akaachia. Alipoicheza tena, kijana alisema, "Hapa ni," pakawa na tundu la kimya, "mwana wa Isiolo, mwisho wa lami!" Halafu gitaa. Mama Nasieku alisikiliza amesimama mlangoni. Akasema, "Zote."

Akazifuata zote. Alifunga mashine ndogo na betri kwenye baiskeli, akaenda hoteli kwa hoteli, kinyozi kwa kinyozi. Hakueleza sana. Alisema, "Nipe ile ya kijana yangu, nitairudisha saa hii," akakaa kwenye benchi, akabonyeza, akarudisha. Hotelini kwangu alizikuta nyingi, na hapo tukagombana.

"Fundi," nilimwambia, "huyu mtoto ni wako pia. Mwenye kiu ya kimya ni mama yake. Wewe una kiu gani? Ukishafuta zote, siku ukitaka kumsikia akijisema, utakwenda wapi?"

"Nitasikia gitaa."

"Gitaa si mtoto."

"Ndiyo maana," alisema. "Gitaa halina jina. Linaweza kulia kila mahali na hakuna mtu anaamshwa."

Nilimkasirikia, sifichi. Kwetu ningekuwa nimelitaja jina hilo kila sala mpaka ulimi ukauke. Nilimwona kama mtu anayemuua mtoto mara ya pili kwa kidole kimoja. Lakini nilizitoa kaseti zangu zote na kumwekea mezani, kwa sababu nilikuwa nimeuona ule uji uliokataliwa.

Si wote walioelewa. Mwenye duka la Ngaremara, mtu wa maneno mengi, alimwambia kaseti ni mali yake, ameinunua, na pale mwanzo ndipo penye utamu. Jina likikatwa, wateja watasema amewauzia kaseti mbovu. Fundi hakubishana. Alisimamisha baiskeli, akakaa kwenye vumbi mbele ya mlango wa duka, juani, na mashine mapajani. Wanawake waliokuja kununua sukari walimwuliza anangoja nini, akawaambia, "Nangoja mtoto wangu atoke humo ndani." Wakaacha kuingia. Alasiri mwenye duka akaitoa kaseti mwenyewe, akampa na chai.

Alikwenda Leparua, akapanda lori la mnada mpaka Oldonyiro. Huko hakuhitaji kumbembeleza mtu. Walipojua ni kaseti gani, walimletea kabla hajaomba, na wazee waliwakemea vijana wao kwa kuwa hawakuzizika tangu mwanzo. Alirudi amechunika pua kwa jua na hana sauti. Nilimuuliza kama zimekwisha. Alisema zinazojulikana zimekwisha, na zisizojulikana anaziombea zichakae.

Mji ulizoea. Kinachonishangaza mpaka leo ni watoto. Waliozaliwa baadaye waliujua wimbo huo ukiwa na tundu, na walipoucheza walipaza sauti, "Hapa ni!" wakafunga midomo, wakahesabu kwa kichwa, kisha "mwana wa Isiolo, mwisho wa lami!" Kwao huo ulikuwa mchezo, atakayepasuka kucheka kwenye kile kimya ametoka. Mama Nasieku alirudi sokoni kidogo kidogo. Siku moja alipita mbele ya hoteli yangu wimbo ukiwa unacheza. Nilikimbilia redio niizime, akaniashiria kwa mkono niache. Alisimama na kikapu chake, akasikiliza gitaa mpaka mwisho, akaenda zake. Hapo nilimsamehe Fundi, ingawa sikumwambia.

Yeye ndiye aliyebaki na njaa. Mchana mmoja niliingia kumrudishia sufuria nikamkuta na vile vya kuvaa masikioni, macho amefumba, mashine inazunguka, anarudisha kwa kalamu, anacheza, anarudisha. Nilimwuliza anasikiliza nini. Alishtuka kama mwizi.

"Pumzi," alisema. "Kabla ya kusema alikuwa anavuta pumzi. Hiyo sikuifuta. Pumzi si jina, ama ni jina?"

Nilimwambia mimi si shehe. Nikaweka sufuria na kutoka, nikalilia jikoni kwangu nikisingizia kitunguu.

Miaka ya themanini haikumwonea huruma. Ukame ulileta watu mjini na mifugo yao ikabaki mifupa njiani; nani wa kurekodi wimbo wa ng'ombe wakati ule? Halafu zikaja redio zenye midomo miwili, ambazo mtoto yeyote angeweza kuingiza kaseti huku na kuitolea pacha wake kule, na kaseti za Nairobi zikajaa kama nzige. Fundi akaanza kutengeneza pasi na tochi. Magunia ya ukutani aliwapa waliokuja na njaa wajitandikie. Alisema sasa hata yeye anaweza kulala mle ndani bila kupikwa. Mdomo ulipoa, na mimi nilikuwa namchokoza makusudi ili anitukane kidogo, lakini alitabasamu tu, na tabasamu lake lilikuwa baya kuliko matusi.

Mume wangu alipofariki nilifunga hoteli nikaenda kukaa kwa Halima, Nairobi. Huko ndiko nilikosikia kwamba Mama Nasieku amepigwa na kiharusi. Nilirudi Isiolo baada ya mvua, na kabla hata ya kuufungua mlango wangu nilipita kwao.

Nilimkuta uani, kwenye kigoda, mkono mmoja umelala mapajani kama si wake. Shanga alizozirudisha miaka ile zilikuwa bado shingoni. Nasieku, sasa mwanamke mzima, alikuwa akiosha vyombo. Fundi alikuwa amekaa chini karibu na miguu ya mkewe, anamwondolea miiba kwenye shuka. Alikuwa mzee kuliko nilivyomwacha.

"Salaam aleikum," nilisema.

"Mama Halima! Karibu, karibu. Leo ni leo," alisema Fundi, na mkewe akanichekea kwa upande mmoja wa uso. Alinijua. Alimuulizia Halima, akaniuliza kama jogoo wangu bado anapiga kelele. Nilifurahi, nikadhani watu wamenitisha bure. Kisha akamgeukia mumewe.

"Mzee, kijana yangu iko wapi?"

"Ameenda Nairobi," alisema Fundi bila kusita. "Ameenda kununua kaseti."

"Anarudi lini?"

"Akipata lori."

Akaitikia kwa kichwa, ameridhika, akaniambia kwa majivuno, "Kijana iko Nairobi. Pengine ulimwona." Nikasema Nairobi ni kubwa. Fundi aliinamia ile shuka na kuniambia chini chini kwamba kiharusi kilikuwa kimechukua mkono, mguu na kile kifo. Kila siku anauliza, na kila siku yeye anamtuma mtoto Nairobi. Mwanzo alidhani ni dhambi. Sasa alisema ndiyo saa nzuri ya siku nzima, maana kwa kitambo kidogo wote wawili wana mtoto safarini.

Tulikunywa chai. Jua lilikuwa limeingia uani na nzi wamezidi. Mama Nasieku alikunja uso, kama mtu anayepapasa kitu mfukoni. Kisha akasema, "Mzee. Anaitwa nani?"

"Nani?"

"Kijana yangu. Jina imenipotea. Naitafuta, sioni. Niambie wewe."

Nasieku aliacha kuosha. Niliona kidole cha Fundi kimesimama juu ya mwiba. Jina la mtoto aliye Nairobi linatajwa nyumbani bila kufikiri, hata kwa kulaani kwamba hatumi sukari. Linalozuiwa ni jina la maiti tu, na mwiko huo kiharusi hakikuwa kimeuchukua. Mama Nasieku alikuwa ameunyonya kwa mama yake. Fundi alifungua mdomo. Alikuwa amelilinda jina hilo miaka yote, amelifukuza barabarani, amelifuta hata kwenye ndoto zake nadhani, na sasa alilihitaji na halikutoka. Mimi nililijua. Lilikuwa limenikaa kwenye ncha ya ulimi, ulimi huu usionyamaza, lakini halikuwa langu kulisema, na nilimngoja baba yake. Nilitamani kuwa mahali pengine popote.

Mama Nasieku alitutazama mmoja mmoja. Mumewe, binti yake, mimi. Kisha mkono wake mzima ukapanda polepole mpaka shingoni.

Hapo Fundi akalitaja. Alilitaja kwa nguvu, akalirudia, akashika magoti ya mkewe akisema, "Yuko Nairobi, mama, yuko hai, atakuja na lori, atakuja." Nasieku akaanza kulia huku mikono yake ikiwa bado ndani ya maji. Lakini mama yake hakuwa akisikiliza tena. Alikuwa akihangaika na fundo la shanga, kama wanawake wa kwao wanavyozivua wanapofiwa, na vidole vya mkono mmoja havikuliweza. Alipochoka alinigeukia mimi, akainamisha shingo, nimsaidie.

Nikamfungulia.